Msafiri Asiye na Mzigo

Kiswahili kina maneno mengi ya mtu aendaye njiani, na maneno hayo hayalingani kwa heshima. Msafiri ana adabu zake: husindikizwa akiondoka, hupokewa akirudi, na akiwa Mwislamu sala yake hupunguzwa kwa ajili ya taabu ya njia. Mpita njia hana sifa wala lawama. Mzururaji hulaumiwa popote alipo. Lakini neno mtembezi lataka kutazamwa zaidi, kwa kuwa hubadili maana kwa kadiri ya yule aitwaye kwalo. Mwanamume akiwa mtembezi yasemekana ameona mengi. Mwanamke akiitwa mtembezi, msemaji hakusudii kuisifu miguu yake.

Neno mtalii limeingia katika vinywa vya watu wengi hivi karibuni kuliko hayo, na aghalabu twadhani kuwa ni jina la mgeni mweupe mwenye kamera shingoni. Asili yake haina mgeni wala kamera. Limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupatia mutalaa na mtaala, na maana yake ya kale ni kusoma kwa kuchungua, kupekua jambo kama mtu apekuavyo kitabu. Kwa maana hiyo mtalii ni msomaji. Nimeshika maana hiyo katika insha hii, kwa sababu swali ninalotaka kuuliza ni la msomaji: je, katika maandishi yetu ya safari, mwanamke amewahi kupewa nafasi ya kwenda mahali kwa ajili ya kutazama tu, na akirudi asimulie kwa kinywa chake alichokiona?

Tuanze na kitabu ambacho wengi wetu hukichukua kuwa mlango wa nathari ya safari, yaani Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901. Humo mna Selim bin Abakari, Mngazija, aliyefika Urusi hata Siberia, na macho yake ni macho ya mtu mwerevu: huona baridi, huona nyumba, huona desturi za chakula, akazipima kwa desturi za kwao. Haki yataka tukiri kwamba hata yeye hakwenda kutazama. Alikwenda kwa kazi, akimfuata bwana wa Kizungu, na wasimuliaji wengine wa mkusanyo huo walikwenda barani kwa biashara. Walakini kazi ile haikuwafunga macho. Msomaji hamwulizi Selim kwa nini alipoteza wakati wake kutazama theluji. Kutazama kwake kumehesabiwa kuwa ni elimu, na sisi twakusomesha vyuoni kama elimu.

Mwanamke wa pwani aliyeandika safari yake kwa mkono wake alikuwapo kabla ya Selim. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, bila ndugu hata mmoja, akafika Aden na baadaye Ujerumani. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Lakini aliziandika kwa Kijerumani. Nimewahi kuwasikia wenzangu wakilitaja jambo hili kama bahati mbaya ya tarehe tu. Mimi naliona ni jambo zito zaidi. Wasomaji wa lugha ile mpya walikuwa tayari kusikia habari za binti mfalme wa mashariki. Kwa Kiswahili, wakati ule, hapakuwa na chombo cha kumimina maneno ya mwanamke aliyeondoka kwao bila idhini ya mtu.

Chombo kilichokuwapo ni utendi, na katika utendi mwanamke alikwisha kuambiwa juu ya kutoka nyumbani. Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake mausia ambayo kwayo kutoka kwa mke ni kwa ruhusa, na akitoka hujisitiri na kurudi upesi. Wako wanaokisoma kipande hicho kwa hasira, na wako wanaokisoma kana kwamba ni sheria ya wanawake wote wanaosema Kiswahili. Wote wamekosea mahali pamoja. Mshairi alisema na binti wa ukoo mkubwa katika miji ya Pate na Siyu, mahali ambapo nyumba ilikuwa ya mawe na kazi ya nje ilikuwa ya mtu mwingine. Hakusema na mwanamke wa bara mwenye shamba umbali wa saa moja kutoka mlangoni pake. Huyo angeambiwa arudi upesi, angejibu kuwa mtama haujavunwa.

Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alituletea mwanamke wa namna hiyo. Siti alitoka Fumba akitembeza vyungu kwa miguu hata mjini, na baadaye, mwaka 1928, akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Wasifu huo naupenda, na sijui kitabu kingine cha zama zile kilichomheshimu mwanamke wa hali ya chini kiasi kile. Lakini tazama kinachomruhusu Siti kuwa njiani: kwanza ni vyungu, kisha ni sauti. Daima amebeba kitu ambacho watu wanakihitaji. Na habari zake zimetufikia kwa kalamu ya mtu mwingine, kwa kuwa yeye hakuandika.

Riwaya zilipokuja zilimtua mwanamke mzigo, na mara alipokuwa hana mzigo zikamwangamiza. Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi (1971) aondoka Ukerewe kwenda masomoni, na tangu siku ile njia yake ni ya kuteremka hadi kaburini. Sitaki kumsingizia mwandishi. Kezilahabi aonyesha wazi kuwa kosa lilianza kwa Zakaria, baba mlevi aliyemzungushia binti yake ua mkali kiasi kwamba alipotoka nje hakujua kusimama mwenyewe. Nami husema darasani kwamba Zakaria anywa riwaya nzima bila kuulizwa amekwenda kilabuni na nani. Hata hivyo msichana anayemaliza kitabu kile hubaki na picha moja: kuondoka ni mwanzo wa kupotea. Ndyanao Balisidya naye, katika Shida (1975), aliwatoa vijana kijijini kwenda mjini wakisukumwa na jambo lile lile ambalo ni jina la kitabu. Basi mwanamke wa fasihi yetu ana njia tatu za kusafiri: kwa mzigo, kwa kusindikizwa, au kwa maangamizi. Ya nne, kwenda kusoma dunia, sijaiona imeandikwa kwa ukamilifu.

Msomaji ataniuliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya chumba cha semina. Nitamjibu kwa mfano wa kwetu Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu, mahali pa alizeti, mtama, uwele na vitunguu. Mtu asidhani kuwa wanawake wa Mtinko hawasafiri. Wanasafiri kuliko mimi. Mwanamke mwenye tenga la kuku au magunia ya vitunguu hupanda basi alfajiri, hulala Manyoni au Dodoma kwa jamaa au katika nyumba ya wageni, hugombana na utingo juu ya nauli ya mzigo, hurudi baada ya siku tatu, na hakuna mtu yeyote amwulizaye alikuwa na nani. Mzigo ndio mahramu wake.

Katika likizo moja niliondoka Mtinko kwenda Dodoma kwa ajili ya kujiunga na msafara wa watu waliokuwa wakipelekwa kuona shamba la mizabibu na mahali pa kutengenezea mvinyo. Nilikwenda peke yangu na mkoba mmoja. Niliporudi, shangazi yangu aliniuliza maswali ambayo nayanakili kwa mpangilio wake, kwa kuwa yana sanaa kuliko tahakiki yangu.

“Ulikwenda kwa nani?”

“Sikwenda kwa mtu, shangazi. Nilikwenda kuona zabibu.”

“Kulikuwa na msiba Dodoma?”

“Hapakuwa na msiba.”

“Ulinunua?”

“Chupa moja.”

“Ya kuuza?”

Nilipomwambia kuwa si ya kuuza, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Basi mwalimu, utakuwa umetumwa na chuo.” Alilisema kwa huruma. Alikuwa akinitafutia mzigo wa kubeba ili majirani wakiuliza awe na la kujibu.

Shangazi hakuwa peke yake katika huruma hiyo. Kule shambani kwenyewe mwongozaji wetu, kijana mwenye adabu, alichelewesha kuanza kwa sababu yangu. Msafara ulikuwa na mume na mke, vijana wanne marafiki, na baba mmoja na wanawe. “Tumsubiri kidogo mzee wa mama huyu,” alisema, akitazama lango. Nilimwambia hakuna mzee anayengojewa, tuendelee. Baada ya nusu saa niligundua kuwa wenzangu walikwisha kunipa cheo: mimi ni mkaguzi kutoka wizarani. Vijana wale walianza kunywa kwa uangalifu mkubwa mbele yangu. Sikuwakanusha, maana nilitaka kusikiliza.

Sasa niingie katika jambo lenyewe la tahakiki, nalo ni masimulizi ya mwongozaji. Matembezi ya namna hii ni fasihi simulizi. Yana mwanzo, kati na mwisho. Yana msimulizi mmoja na hadhira inayotembea. Yana vichekesho vilivyozoeleka na mahali pa kutua. Yastahili kuhukumiwa kama tuhukumuvyo ngano, na kwa hukumu hiyo masimulizi niliyoyasikia yalikuwa na mwanzo mzuri na kati iliyodhoofu.

Mwanzo ulikuwa ni historia. Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, na jina linalotajwa siku zote ni Bihawana, penye misheni yao. Kutoka hapo ikaenea Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na kwingineko. Mwongozaji alitaja aina zinazopandwa zaidi, ile nyekundu iitwayo Makutupora na ile nyeupe iitwayo Chenin Blanc, na akaeleza kwa nini nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua, huzaa zabibu tamu. Kisha akasema jambo lililonifurahisha kuliko yote: kwamba katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa kipupwe, bali Dodoma hapana kipupwe cha kuulaza, hivyo mkulima huuamsha kwa kisu. Akipogoa, mti huanza mwaka wake upya, na kwa njia hiyo shamba huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hapo alikuwa msanii. Mti usio na majira yake mwenyewe, unaopewa majira kwa mkono wa mtu! Laiti angekaa hapo.

Badala yake alitukimbiza kwenye matangi. Kati ya masimulizi yake ilikuwa ni vipimo vya chuma, na watu waliokuwa wakifanya kazi katika mistari ya mizabibu, wengi wao wanawake, hawakutajwa hata kwa sentensi moja. Wenzangu walifuatana naye wawili wawili wakizungumza. Mimi sikuwa na wa kuzungumza naye, ndipo nikaona faida ya hali yangu. Mtu aliye na mwenzake amekwisha kushikwa maneno. Mtu aliye peke yake husemeshwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikata vishada aliniamkia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” nami nikamjibu nilivyoweza, akacheka, akahamia Kiswahili. “Dada umeachwa?” akauliza. Nikasema sikuachwa, nimesimama mwenyewe. “Haya, simama na sisi basi.”

Kwa robo saa niliyosimama nao nilijifunza yasiyokuwamo katika matangi. Nilijifunza kwamba zabibu haingoji: mwenye shamba dogo asipopata mnunuzi kwa wakati huiona ikioza kishadani, au hulazimika kuikausha, au kuikamua na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu. Neno mchuzi lilinishtua kwa uzuri wake. Vitabu vimetupatia mvinyo, kutoka kwa Wareno, na divai, ambayo asili yake ni Kifaransa na tumeizoea katika Biblia. Zabibu yenyewe ni Kiarabu, na katika Kiarabu ni tunda lililokwisha kukaushwa, kama lilivyofika pwani yetu katika vifuko kwa ajili ya pilau, kabla ya mtu kuuona mti wake. Maneno yote matatu yalishuka kutoka chomboni. Mchuzi peke yake limetoka jikoni, na limetolewa na watu wenye kukamua.

Tulipofika kwenye meza ya kuonja nilipata somo la pili la maneno. Mwongozaji alituambia kuwa mvinyo wa kwanza ni “mkavu”. Baba mwenye wana akauliza, kwa haki kabisa, kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu, watu wakacheka, na msimulizi hakuwa na jibu. Hakuwa nalo kwa sababu neno lile si lake. Amelitafsiri kutoka kwa wenyewe bila kulionja. Angesema hauna sukari, hamira imeila yote, angeeleweka na mtoto. Kwa ule mwekundu alitafuta neno la namna unavyoushika ulimi, akatumia la kigeni, kisha akaliacha. Na Kiswahili kina ukakasi! Kila aliyetafuna bibo au ndizi mbichi anaujua ukakasi. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu zake, na humo ndimo rangi na ukakasi hutoka. Ule mweupe hutengwa na maganda mapema, kwa hiyo haunao. Sentensi moja ya Kiswahili safi ingefundisha habari yote. Wale wanawake wa mistarini, nilipowauliza zabibu nyekundu mbichi ikoje mdomoni, walilitamka neno hilo kabla sijamaliza swali.

Najua atakayesema kuwa mwanamke aliye peke yake mbele ya meza ya mvinyo atafuta hatari, na kwamba fasihi yetu ilikuwa na hekima ilipomwogopesha. Hatari ni ya kweli, nami siidharau. Nilifika mchana, nilimwambia mwenye nyumba ya wageni niendako na saa ya kurudi, sikuweka bilauri yangu mezani nikaipa kisogo, na nililipa gari la kunirudisha peke yangu kwa bei ambayo wengine waligawana. Hayo ni mambo ya barabara, taa na nauli, na dawa zake zapatikana hapo hapo. Aibu ni jambo jingine. Aibu haipungui kwa taa. Kuhusu kuonja kwenyewe, kwetu hakuna ageni: pombe ya mtama hupikwa na wanawake, na mpishi huonja kabla ya mzee yeyote kuletewa kata. Ajabu ilikuwa ni kuonja kitu ambacho sikukipika wala sikukipika kwa ajili ya mtu.

Watu wa Mtinko, kabla ya kuuona mzabibu, walikwisha kusikia habari zake kanisani, na mara nyingi katika mfano wa wafanya kazi walioajiriwa kwa saa mbalimbali wakalipwa sawa. Sijasikia mahubiri mengi juu ya shamba la mizabibu la sura ya mwisho ya Mithali, ambalo mwanamke mwenyewe alikwenda kulitazama shamba, akalinunua, akalipanda mizabibu kwa pato la mikono yake. Wahubiri hupenda kumsifu kwa taa yake isiyozimika usiku na kwa nguo alizoshona. Kwamba alikwenda kulitazama shamba kwanza, na kwamba maandiko hayatuambii nani alimsindikiza, hupitwa upesi.

Kwa hiyo sikubaliani na wahakiki wanaodai kuwa tunahitaji riwaya za “mwanamke shujaa wa safari”. Shujaa ni mzigo mwingine. Mwanamke akipewa ushujaa ndipo asafiri, atakuwa amepewa tenga kubwa kuliko lile la kuku. Tunachokosa ni kidogo na ni kigumu zaidi: nathari ya kawaida, ya nafsi ya kwanza, ya mwanamke aliyekwenda mahali, akatazama, akahukumu vizuri au vibaya, akarudi. Selim bin Abakari alihukumu vibaya mambo kadhaa ya Urusi, na hatumpendi kwa upungufu kwa sababu hiyo.

Tangu nirudi nimewapa wanafunzi wa kike wa mwaka wa pili zoezi la kuandika safari moja waliyoifanya bila kutumwa. Wengi walinijia ofisini kusema hawana. Nikawaambia watafute fupi, hata ya nusu siku. Insha ya kwanza iliyonifikia ni ya msichana aliyepanda basi kutoka Singida kwenda Babati ili kuona viboko ziwani, akawaona, akala samaki, akarudi jioni. Ina sentensi nzuri, na viboko wake wako hai. Lakini ameiandika yote katika nafsi ya tatu, juu ya “dada mmoja”. Nimemrudishia aiandike tena.